Tumbo Linapigana na Nani?

Mhadhara wa wazi uliotolewa Bunia mbele ya wauguzi, wanafunzi wa tiba na wananchi



Naomba kila mmoja ashike goti lake la kulia. Chini ya kifuniko cha goti, laza vidole vinne pamoja. Pale kidole cha nne kinapoishia, sogea upana wa kidole kimoja kuelekea nje ya mfupa wa muundi. Sasa bonyeza hapo kwa kidole gumba, kwa nguvu kiasi. Wengi mtasikia maumivu mazito yasiyochoma, kama ya mguu uliochoka kwa kupanda kilima, na wengine mtayasikia yanateremka kuelekea kifundo. Wachina wanapaita mahali hapo Zusanli. Wamekuwa wakipachoma sindano kwa karne nyingi, na wanafanya hivyo kwa ajili ya tumbo.

Nilipokuwa mwanafunzi niliambiwa habari hiyo nikaitupa. Mguu na tumbo wapi na wapi? Leo sisemi hivyo tena. Katika miaka hii ishirini na zaidi watafiti wameifuata njia inayotoka hapo mlipobonyeza mpaka kwenye chembe za kinga, kituo kwa kituo, na njia ipo. Nimekuja kuwaeleza njia hiyo. Nimekuja pia kuwaeleza kwa nini, pamoja na kuiamini, mtu wa Bunia anayeharisha damu simwanzishii sindano.

Nianze na mgonjwa. Simtaji jina wala mtaa. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na aliponijia alikuwa na miezi saba ya kuharisha. Alikuwa amekwisha kumeza metronidazoli safari nne, kila safari kwa maneno yaleyale: "Una amiba." Choo chake kilikuwa kimetazamwa kwa darubini mara moja tu. Katika kituo kimoja walimwongezea vidonge vya prednisoloni ili apate nguvu. Kweli alipata nafuu ya wiki mbili, uso ukavimba, dawa ikaisha, damu ikarudi. Alikuwa amebeba daftari la shule lenye mistari, na humo kila asubuhi aliandika idadi ya safari alizoamka usiku kwenda chooni: 6, 9, 7, 11, 8. Choo chao kiko nyuma ya nyumba, uani, na usiku wa Bunia mnaujua ninyi wenyewe. Pembeni ya kila tarakimu aliandika neno moja, "damu" au "hapana". Katika kurasa nne nilizofungua, "hapana" ilikuwa mara tatu.

Yapo magonjwa mawili ambayo huenda yanamtesa mtu namna hii bila mdudu yeyote kuonekana. La kwanza ni kolitisi ya vidonda, ambayo Samuel Wilks aliieleza kule London mwaka 1859. Hiyo hukaa kwenye utumbo mpana na kuchubua ngozi yake ya ndani. La pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopata jina kutokana na Burrill Crohn, ambaye pamoja na Ginzburg na Oppenheimer waliuandikia mwaka 1932 huko New York. Huo unaweza kushika popote kuanzia kinywa hadi njia ya haja, na hula ukuta wa utumbo mpaka ndani. Yote mawili ni mchochota: ule wekundu, joto, uvimbe na maumivu unaouona kidole kikichomwa na mwiba, ila hapa mwiba hauonekani na mchochota haukomi.

Tumezoea kusema kwamba haya ni magonjwa ya wazungu. Maneno hayo yana historia, na sehemu yake iko jirani yetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Lira kisha Kampala, aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza karibu hayakuwepo kwa wanavijiji wa Uganda. Hakuishia kuona. Yeye na wenzake walipima uzito wa choo cha watu na saa ambazo chakula huchukua kupita tumboni, na mwaka 1972 wakachapisha kwamba mwanakijiji wa Uganda hutoa choo kizito mara kadhaa kuliko baharia wa Kiingereza, tena kwa nusu ya muda. Alisema siri iko kwenye nyuzi za chakula: maharage, mahindi, mboga za majani. Namheshimu sana mtu aliyekubali kupima choo ili ajue ukweli. Ila tangu siku zake miji yetu imekua na vyakula vimebadilika, na ugonjwa unaotambulika kwa kamera ya kuingia utumboni hauwezi kuonekana mahali kamera hiyo ilipo adimu.

Sasa tuingie ndani ya utumbo wenyewe. Ngozi inayotenganisha chakula na damu yenu ni safu moja tu ya chembe, kama ukuta uliojengwa kwa mstari mmoja wa matofali, na matofali hayo hubadilishwa yote kila baada ya siku chache. Upande mmoja wa ukuta wanaishi bakteria kwa matrilioni. Upande wa pili wamekaa walinzi, tena wengi sana. Kazi yao ngumu kuliko zote ni kuvumilia. Lazima waache maharage yapite, waache bakteria wakazi waishi, wasimame kumkabili mgeni mbaya peke yake, na akishaondoka wateremshe silaha. Zipo chembe maalumu za kuwatuliza, aina ya seli za T ambazo amri yao ni moja: basi, imetosha.

Katika magonjwa niliyoyataja amri hiyo haisikiki. Walinzi wanawapiga wakazi. Kila mlinzi anapiga mbiu ya kuwaita wengine, na mbiu hizo ni kemikali tunazoziita sitokini: moja inaitwa TNF, nyingine interleukini 17, nyingine interleukini 23. Ukuta unapasuka kwa mapigano, bakteria wanapenya kwenye nyufa, na sasa walinzi wana sababu ya kweli ya kupiga. Kwa hiyo moto unajilisha wenyewe. Tunajua kwa uhakika kwamba TNF ni kuni za moto huo, kwa sababu mwaka 1998 Marekani iliidhinisha dawa ya kuikamata, infliksimabu, na wagonjwa wa Crohn waliokuwa hoi walinyanyuka. Tukajifunza pia gharama yake. Mtu mwenye vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala ndani yake, akipewa dawa hiyo, vijidudu vinaweza kuamka. Mlinzi uliyemlaza ndiye aliyekuwa amevifungia. Kumbukeni hilo, nitalihitaji.

Mguu unaingia wapi? Unaingia kupitia neva ya vagasi. Jina lake kwa Kilatini maana yake ni mzururaji, na inazurura kweli: inatoka kwenye shina la ubongo, inateremka shingoni, inapita moyoni na mapafuni, inaingia tumboni. Nyuzi zake nyingi, kama nne kati ya tano, hupeleka habari juu kutoka kwenye viungo. Zilizobaki hushusha amri. Mwaka 2000 Kevin Tracey na wenzake kule New York walionyesha kwamba panya aliyepigwa sumu ya bakteria, neva hii ikisisimuliwa kwa umeme, TNF inashuka na panya anakwepa kuzimia. Kwa maneno mengine, ubongo hausubiri kinga ya mwili ifanye inavyotaka. Unaisikiliza na kuijibu, kama unavyojibu mkono ulioshika sufuria ya moto.

Watafiti wengine wakauliza: je, lazima umpasue mtu shingo ili kuigusa neva hiyo? Mwaka 2014 kundi la Luis Ulloa lilichoma sindano zenye umeme mdogo kwenye mguu wa panya, karibu na pale mliposhika. Habari ilipanda kwa neva ya mguu, ikafika ubongoni, ikateremka kwa vagasi hadi kwenye tezi za adrenali zinazokaa juu ya figo, tezi zikamwaga dopamini, na TNF ikashuka. Walipozitoa tezi hizo, sindano ikapoteza nguvu. Mnajua sasa kwa nini nilisema kituo kwa kituo: ukiondoa kituo kimoja, gari halifiki.

Halafu kundi la Qiufu Ma kule Harvard wakauliza swali ambalo kila mkulima angeuliza: kwa nini hapa na si pale? Jibu lao la mwaka 2021 ndilo lililonigeuza. Waligundua aina moja ya nyuzi za neva zenye alama inayoitwa PROKR2. Nyuzi hizo zimejaa kwenye tishu za ndani za mguu wa nyuma wa panya, kwenye utando karibu na mfupa, wala si kwenye ngozi; na ukutani mwa tumbo ni chache. Umeme mdogo wa nusu miliampia kwenye mguu uliiamsha njia ya vagasi na adrenali. Umeme uleule kwenye tumbo haukuiamsha. Panya waliokosa nyuzi hizo hawakufaidika kabisa. Kwa hiyo yule mganga wa kale aliyeliacha tumbo linalouma akachoma mguu, akachoma kwa kina hadi mgonjwa akasikia uzito, alikuwa ameshika jambo la kweli hata kama maelezo yake yalikuwa ya mito ya nguvu isiyoonekana.

Naomba sasa usikivu wenu wote, maana hapa ndipo penye uzito. Mwaka uliotangulia, 2020, kundi hilohilo walitumia umeme mkubwa zaidi, miliampia tatu, kwenye tumbo la panya. Walipoutia kabla ya kumpa sumu, mchochota ulipungua na panya wengi walipona. Walipoutia baada ya sumu kushika kasi, mchochota ulizidi na vifo vikaongezeka. Mahali ni palepale, sindano ni ileile, umeme ni uleule. Kilichobadilika ni hali ya mwili uliochomwa. Anayewaambia kwamba sindano haziwezi kudhuru kwa sababu ni za asili, mwulizeni habari za panya hao.

Kwa binadamu je? Mwaka 1971 mwandishi wa habari wa Marekani, James Reston, alikatwa kidoletumbo akiwa Beijing. Baada ya upasuaji tumbo lilijaa gesi na maumivu, na daktari wa Kichina akamchoma sindano kwenye kiwiko na chini ya magoti. Akaandika gazetini kwamba alipata nafuu, na Wamarekani wengi wakasikia habari za akupancha kwa mara ya kwanza kupitia tumbo la mtu mmoja. Simulizi si ushahidi, lakini mnaona magoti yalivyotajwa.

Ushahidi ulitafutwa Ujerumani. Mwaka 2004 Stefanie Joos na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 51 wa Crohn wa kiwango kidogo na cha kati. Karibu nusu walichomwa kwenye sehemu zinazofundishwa na Wachina, waliobaki wakachomwa juujuu mahali pasipo na maana, bila kuambiwa nani ni nani. Ugonjwa hupimwa kwa alama. Kwa kundi la kwanza alama zilishuka kwa wastani wa 87, kwa la pili 39. Tazameni hiyo 39. Kulala kitandani kwa utulivu, kushikwa na mtu anayekujali, kuamini kwamba unatibiwa, hayo nayo yanashusha alama, na anayepuuza hilo hajakaa na wagonjwa. Lakini kati ya 39 na 87 pana kitu kilichoongezwa na tiba yenyewe.

Jaribio ninaloliamini zaidi ni la Shanghai, la kundi la Bao Chunhui na Wu Huangan, lililochapishwa mwaka 2022. Wagonjwa 66, wiki 12, sindano mara tatu kwa juma pamoja na joto la majani makavu yanayochomwa karibu na ngozi. Baada ya wiki hizo 12, waliotulia katika kundi la tiba ya kweli walikuwa 14 kati ya 33. Katika kundi la bandia walikuwa 4 kati ya 33. Sitokini zile za seli za T zilizokasirika zilipungua kwenye damu, na bakteria mwema anayeitwa Faecalibacterium prausnitzii, ambaye hutengeneza chakula cha ukuta wa utumbo, aliongezeka. Ni matokeo mazuri. Ni watu 66. Wote walikuwa wamepimwa kwa kamera na vipande vya nyama vikatazamwa maabara kabla ya sindano ya kwanza, na hawakuwa mahututi. Ukiyachukua matokeo hayo ukayaleta Bunia, lazima uyalete pamoja na masharti yake.

Kwetu sindano hizi si ngeni kama tunavyodhani. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar mwaka 1964, Tanzania bara mwaka 1968, na nchi hii, ikiitwa Zaire, mwaka 1973. Na kabla yao wote bibi zetu walikuwa na chale na pembe ya kuumikia. Sipendi kuvichanganya vitu hivi kana kwamba ni kimoja, lakini wazo la kugusa ngozi ili kutuliza kilicho ndani halikuhitaji kuvuka bahari.

Narudi kwenye swali la kichwa cha mhadhara. Mtu wa Shanghai au wa Ujerumani akiharisha damu miezi mitatu, kinga yake pengine inapigana na wakazi wasio na hatia. Inafaa itulizwe. Mtu wa Bunia akiharisha damu miezi mitatu, huenda kinga yake inapigana na adui halisi. Anaweza kuwa na amiba iliyochimba ukuta. Kama amekulia Kasenyi au Tchomia, au amevua samaki huko Mahagi-Port, anaweza kuwa na kichocho cha utumbo, maana minyoo hiyo iko kwenye maji ya Ziwa Albert, na mayai yake yakikwama ukutani hutoa damu na vinyama. Anaweza kuwa na kifua kikuu cha utumbo, kinachofanana na Crohn kiasi kwamba hata wenye kamera nzuri hukosea. Anaweza kuwa na virusi vya ukimwi na vijidudu vinavyokuja navyo. Hao wote wanahitaji kinga iliyo macho. Ukiilaza, umefungua lango.

Ndiyo maana niliumia nilipoona zile prednisoloni. Prednisoloni ni dawa nzuri mno kwa kolitisi ya vidonda. Kwa mwenye amiba ni hatari ya kifo: utumbo unaweza kutoboka ndani ya siku chache. Mwalimu yule hakuwa na amiba, na ndicho kilichomwokoa, si busara ya aliyemwandikia. Wanafunzi wangu, nawasihi: choo kitazamwe mbichi, kingali na joto, siku tatu tofauti. Kichocho kitafutwe. Makohozi na kifua vichunguzwe. Kipimo cha ukimwi kifanyike kwa ridhaa. Hapo ndipo mnaweza kuanza kulitamka jina la Crohn.

Neno juu ya sindano yenyewe kama chuma. Mwaka 1976 kule Yambuku, katika Equateur ya wakati ule, wauguzi walipewa sindano tano kila asubuhi kwa wagonjwa wote, wakazisuuza kwa maji ya vuguvugu kati ya mtu na mtu. Ebola ilipoingia, ilisafiri kwa sindano hizo. Waliougua walikuwa 318, waliofariki 280. Ituri nasi tumepitia Ebola ya 2018 hadi 2020, tunajua kuosha mikono kuliko watu wengi duniani. Sindano ya akupancha ni nyembamba kama unywele mnene, haitoi dawa wala haivuti damu, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kudhani haibebi kitu. Virusi vya homa ya ini aina ya B havihitaji hata tone linaloonekana. Ifunguliwe kwenye karatasi yake mbele ya mgonjwa, itumike kwake, itupwe kwenye sanduku la vyenye ncha. Anayekuchoma kwa sindano iliyotoka kwenye kikombe cha spiriti, vaa viatu uondoke.

Mwalimu alipimwa hayo yote Bunia. Hakukuwa na mdudu wala yai. Ndugu zake walichanga, akapita Mahagi hadi Goli akaingia Uganda, na Kampala wakamwingiza kamera: kolitisi ya vidonda, nusu ya chini ya utumbo mpana. Akaanza sulfasalazini, dawa ya zamani na ya bei nafuu kuliko nyingine. Akiwa huko alikaa kwa dada yake wiki sita, na mhudumu aliyefunzwa akupancha akamchoma mara mbili kwa juma, miguuni na mikononi.

Alirudi na daftari lake, nikalisoma ukurasa kwa ukurasa. Sindano alianza siku nane kabla ya vidonge, kwa sababu famasi ilikuwa imeishiwa. Katika siku hizo nane tarakimu za usiku zilishuka: 9, 8, 8, 6, 5, 6, 5, 5. Aliandika kwa mara ya kwanza neno jipya, "nimelala". Pembeni, neno "damu" lilibaki siku zote nane. Lilianza kupungua wiki ya tatu ya vidonge, na "hapana" ya kwanza iliyofuatwa na "hapana" nyingine iko siku ya 26. Nilimwuliza kama angechagua kimoja angechagua kipi. Alilifunga daftari, akasema vidonge hatathubutu kuviacha, ila usiku ule wa kwanza aliolala bado anaukumbuka.